Kuweka mpangaji ndani ya nyumba unayoimiliki kwa fungu: mwongozo kamili kwa wanaoishi England

Umenunua nyumba kwa mpango wa Shared Ownership. Fungu lako ni labda asilimia 25, labda 40. Fungu lililobaki ni la shirika la nyumba, nalo unalilipia kodi kila mwezi. Juu yake kuna mkopo wa benki, ada ya huduma za jengo, umeme, gesi na maji. Chumba cha pili kimekaa kitupu, kimejaa masanduku. Ni jambo la kawaida kabisa kufikiria kumweka mtu humo akusaidie kubeba mzigo, na ni kawaida vilevile kuogopa: nyumba si yangu yote, je, naruhusiwa?

Unaruhusiwa, kwa sharti moja ambalo limebeba mambo mengine yote: wewe mwenyewe lazima uwe unaishi humo, na nyumba hiyo iwe ndiyo makazi yako halisi. Kupangisha chumba huku ukiishi ndani ni jambo moja. Kupangisha nyumba nzima ukaenda kukaa kwingine ni jambo jingine kabisa, na mwenye fungu kwa kawaida haruhusiwi kulifanya mpaka afikishe asilimia 100, au apate kibali maalumu cha shirika na cha benki pia. Kibali hicho hutolewa kwa sababu nzito tu.

Tunayoeleza hapa ni ya England. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za nyumba.

Mpangaji wa ndani ni nani mbele ya sheria

Waingereza humwita lodger. Ni mtu anayelala kwenye chumba cha nyumba unayoishi na anayetumia pamoja nawe jiko, bafu au sebule. Kutumia pamoja ngazi, korido au stoo hakutoshi. Ana ruhusa ya kukaa tu, hana upangaji kamili wa chumba. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokulinda pande mbili. Kwanza, hati yako ya lizi (mkataba wa umiliki kati yako na shirika) inakataza kukabidhi sehemu ya nyumba kwa mtu mwingine, na mwenye ruhusa ya kukaa hajakabidhiwa chochote, kwa kuwa nyumba bado iko mikononi mwako. Pili, siku mkitaka kuachana, hulazimiki kwenda mahakamani kuomba amri ya kumtoa. Inatosha kumpa notisi ya muda wa haki.

Lakini mahakama haziangalii jina mlilolipa makubaliano yenu. Tangu hukumu ya Street v Mountford ya mwaka 1985, zinaangalia hali halisi ya makazi. Kama mtu ana chumba ambacho wewe huwezi kuingia, ana jiko lake na bafu lake, kuandika "lodger" juu ya mkataba hakutakusaidia. Kwa hiyo endelea kuwa na ufunguo wa akiba wa chumba chake, endelea kuingia kwa kazi inayojulikana (kufagia, kubadilisha mashuka kila wiki mbili, kukagua radieta), na endeleeni kupika jiko moja. Kufuli mlangoni si kosa, mradi huduma hizo zipo kweli.

Safari ndefu ya nyumbani

Tunaiweka mapema kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Mzazi anaugua Tanga au Kisumu, unaondoka kwa wiki tatu, wiki zinakuwa miezi minane, na mpangaji anabaki peke yake na nyumba nzima. Likizo ya kawaida haina tatizo. Ukiacha vitu vyako, barua zako zikiendelea kuja hapo na nia ya kurudi ikiwa wazi, bado unahesabiwa kuwa mkaazi. Ukihamia kwingine, mambo mawili huharibika kwa pamoja. Mpangaji anaweza kupata haki za mpangaji kamili, kwa sababu mwenye nyumba haishi tena humo, na wewe unakuwa umevunja hati ya lizi. Shirika linaweza kuifikisha hati hiyo mahakamani, na fungu ulilolipia kwa jasho likawa hatarini.

Ukijua safari itapita mwezi mmoja au miwili, liandikie shirika kabla hujaondoka: tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi na sababu. Tunza tiketi ya kurudi. Kama huna uhakika wa kurudi, mpe mpangaji notisi kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 1: soma hati ya lizi

Usitegemee aliyokuambia afisa mauzo siku unanunua. Ifungue hati yenyewe. Kama huna nakala, mwombe wakili aliyekusimamia ununuzi au shirika lenyewe. Tafuta sehemu ya masharti ya mpangaji wa lizi, ambaye ni wewe, na usome kwa makini vipengele vyenye maneno underlet (kupangisha), part with possession (kukabidhi nyumba), lodger, use (matumizi) na alterations (mabadiliko ya jengo).

Katika hati nyingi utakuta kwamba huruhusiwi kupangisha wala kukabidhi nyumba hadi umiliki fungu lote. Hilo halikatazi mpangaji wa ndani. Cha kuangalia zaidi ni kipengele cha matumizi. Baadhi ya hati zinasema nyumba itumike kama makazi ya watu wa kaya moja tu. Ukikuta maneno ya namna hiyo, usianze kubishana peke yako, omba ridhaa ya maandishi. Na kipengele cha mabadiliko ya jengo kitakuambia kama unaweza kugawa sebule kwa ubao kupata chumba kingine. Kwa kawaida huwezi bila kibali. Kwenye fleti mlango wa kuingilia ni wa kuzuia moto, kwa hiyo usiutoboe wala usiubadilishe kitasa bila kuwauliza.

Kupokea wageni wa siku mbili tatu kupitia tovuti za watalii, sahau. Hati nyingi zinakataza, na benki nyingi pia.

Hatua ya 2: barua tatu kabla ya tangazo

Ya kwanza iende kwa shirika la nyumba. Hata kama hati haidai ridhaa, barua hiyo ni kinga yako siku jirani akilalamika kwamba "umepangisha nyumba". Iandike kwa Kiingereza na iwe na mambo haya: jina lako na anwani, kwamba unaishi humo na utaendelea kuishi, kwamba unataka kuweka mtu mmoja kwenye chumba kimoja kwa ruhusa ya kukaa, kwamba mtatumia jiko na bafu pamoja, kwamba hukabidhi nyumba wala sehemu yake, na tarehe unayotaka kuanza. Omba wakujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia miaka miwili baadaye.

Ya pili iende benki iliyokupa mkopo. Benki nyingi hukubali mpangaji mmoja wa ndani, lakini nyingi zina sharti uwaambie kwanza. Nyingine zitamtaka mpangaji asaini karatasi kwamba hatadai haki ya kukaa endapo benki italazimika kuichukua nyumba. Kama ni masharti ya mkopo wako, usilikwepe.

Ya tatu ni ya bima. Fleti za mpango huu mara nyingi zina bima ya jengo inayolipwa na shirika kupitia ada ya huduma, lakini bima ya vitu vya ndani ni yako. Usipomwambia mwenye bima kuhusu mpangaji, siku ya wizi anaweza kukataa kulipa. Na hata ukimwambia, bima nyingi zitalipa wizi pale tu palipovunjwa mlango au dirisha. Dhahabu na hati za kusafiria zifungie kwako. Mpangaji naye mwambie akate bima ya vitu vyake, kwa sababu yako haimhusu.

Hatua ya 3: hesabu

Kuna mpango wa kodi ya mapato uitwao Rent a Room. Unakuruhusu kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka wa kodi, yaani kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 5 Aprili inayofuata, bila kulipa kodi juu yake, mradi chumba kina samani na kiko ndani ya makazi yako. Ukiwa chini ya kiwango hicho hakuna fomu ya kujaza.

Wenye fungu hukosea sana hapa. Hudhani kwamba kwa kuwa wana asilimia 40 ya nyumba, msamaha nao ni asilimia 40. Sivyo. Msamaha haufuati ukubwa wa fungu, unafuata nani anapokea pesa za mpangaji. Shirika halipokei chochote kutoka kwa mpangaji wako, kwa hiyo ukiwa mnunuzi peke yako pauni 7,500 zote ni zako. Mkiwa mmenunua wawili, mfano mke na mume, na mapato ni ya wote, kila mmoja ana pauni 3,750.

Pauni 7,500 ukigawa kwa miezi 12 ni pauni 625 kwa mwezi. Lakini kinachohesabiwa ni kila kitu anachokupa mpangaji: kodi ya chumba, mchango wa umeme na gesi, chakula, kufuliwa nguo. Ukipokea kodi ya pauni 600, jumla ya mwaka ni 7,200, uko salama. Ongeza pauni 50 za chakula kila mwezi na jumla inakuwa 7,800. Umepita kwa pauni 300, na sasa unatakiwa kujisajili kwa mamlaka ya kodi, HMRC, kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kuisha, kisha ujaze fomu. Kodi yenyewe ni ndogo, pauni 60 kwa mlipaji wa asilimia 20, ila usumbufu na faini ya kuchelewa vinaweza kuizidi. Ndiyo maana tunapendelea bei moja inayojumlisha bili zote na isiyopita 625, isipokuwa soko la mtaa wako liko juu sana. Mjini London chumba cha pauni 750 ni cha kawaida. Hapo jumla ni 9,000, ziada ni 1,500, na kodi kwa asilimia 20 ni pauni 300. Bado inalipa.

Kodi ya kaunsili nayo itasogea. Kama unaishi peke yako unapata punguzo la asilimia 25. Mtu mzima wa pili akiingia, punguzo linaondoka. Bili ikiwa pauni 1,800 kwa mwaka, utalipa 450 zaidi, sawa na pauni 37.50 kwa mwezi, kwa hiyo zitie kwenye hesabu kabla ya kutaja bei. Una siku 21 za kuwaarifu kaunsili. Ila mpangaji akiwa mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, punguzo lako linabaki. Atawapa barua ya chuo. Kwa wenye mahesabu ya kubana, mwanafunzi ni mpangaji mzuri.

Ukipokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), pesa ya mpangaji wa ndani haihesabiwi kuwa mapato yako. Kwenye Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba) ni tofauti: pauni 20 za kwanza kwa wiki hazihesabiwi, na kama unampa chakula, nusu ya zinazobaki haihesabiwi pia. Na kama mpangaji mwenyewe anategemea serikali imlipie chumba, fahamu kwamba haitamlipia akiwa ni ndugu wa karibu anayeishi nawe: mzazi, mtoto, kaka au dada.

Hatua ya 4: chumba na usalama wake

Kitanda imara, godoro safi, kabati, meza, pazia linaloziba mwanga, radieta inayofanya kazi. Kwa ukubwa, kipimo kizuri ni mita za mraba 6.51, ambacho sheria inakidai kwa mtu mmoja katika nyumba za wapangaji wengi zenye leseni. Wewe hulazimiki nacho, lakini chini ya hapo mtu hakai, anahifadhiwa tu.

Usizidishe wapangaji wawili. Mwenye nyumba anayeishi humo na familia yake pamoja na wapangaji wasiozidi wawili hahesabiwi kuwa na nyumba ya wapangaji wengi. Akiingia wa tatu, unaingia kwenye kanuni nzito, na wakifika watano kwenda juu, mkiwemo ninyi, leseni ya kaunsili inakuwa lazima. Kwa nyumba ya fungu, shauri letu ni mpangaji mmoja.

Gesi ndiyo isiyo na mzaha. Ukiwa na boila au jiko la gesi, sheria inataka likaguliwe kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe (rejista rasmi ya mafundi wa gesi), hata kama una mpangaji mmoja tu wa chumba. Fundi akifika mwombe kitambulisho, ukigeuze usome nyuma: hapo pameandikwa kazi anazoruhusiwa. Kuna mafundi wenye ruhusa ya jiko bila ya boila. Akimaliza atakupa cheti. Nakala mpe mpangaji kabla hajahamia, yako itunze miaka miwili. Fundi wa shirika akija kwa ajili ya jengo, usidhani amekukagulia boila. Ndani ya nyumba yako matengenezo kwa kawaida ni jukumu lako, hata kama fungu lako ni dogo.

Weka king'ora cha moshi kila ghorofa, na cha hewa ya kaboni monoksaidi kwenye chumba chenye boila, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye boila. Bonyeza kitufe cha majaribio siku mpangaji anaingia, naye akiwepo. Makochi na magodoro ya mitumba yakague kibandiko cha kuzuia moto kilichoshonwa pembeni. Kisichokuwa nacho usikiweke chumbani mwake.

Hatua ya 5: kumpata mtu

Tangazo zuri ni fupi na la kweli: eneo na kituo cha treni au basi kilicho karibu, ukubwa wa chumba, bei na kilichomo ndani yake, nani wanaishi humo, na yale usiyoweza kuyalegeza. Kama nyumbani hamli nguruwe wala pombe haiingii, andika. Kama wakati wa Ramadhani jiko linawaka saa tisa usiku, andika pia. Mpangaji aliyeyajua hayo mapema hatalalamika.

Sheria ya usawa inampa mwenye nyumba anayeshiriki jiko na bafu uhuru wa kuchagua, kwa mfano kutaka mwanamke tu. Uhuru huo haufiki kwenye rangi, kabila wala uraia. Tangazo la "Natafuta Mtanzania" au "Mkenya tu" kwenye kundi la WhatsApp ni kosa, hata kama nia ni kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili jioni. Andika "nyumba ya wanaozungumza Kiswahili" ukitaka, na aje yeyote.

Kutana naye mara mbili: mara moja nyumbani, na mara moja kwa simu ya video akiwa mahali anapoishi sasa. Omba hati za mshahara za miezi mitatu au barua ya chuo, na namba ya mwenye nyumba wake wa awali, si wa sasa, maana wa sasa anaweza kumsifu ili amwondoe. Usimtoze gharama za ukaguzi huo. Sheria ya ada za wapangaji ya mwaka 2019 inamhusu hata mpangaji wa ndani, na faini ya kosa la kwanza inafika pauni 5,000.

Hatua ya 6: ukaguzi wa haki ya kupanga

England peke yake ina ukaguzi huu, uitwao Right to Rent, tangu tarehe 1 Februari 2016. Kabla ya kumpa mtu mzima chumba cha kulipia kitakachokuwa makazi yake, lazima uthibitishe kwamba anaruhusiwa kupanga. Ukipuuza, faini kwa mpangaji wa ndani ni hadi pauni 5,000 kwa kosa la kwanza na hadi 10,000 ukirudia. Ukifanya huku unajua, ni jinai.

Raia wa Uingereza au Ireland: shika pasipoti yake halisi mkononi, yeye akiwa mbele yako. Hata iliyoisha muda inakubalika. Linganisha sura na tarehe ya kuzaliwa, chukua nakala, andika juu yake tarehe uliyokagua. Asiye na pasipoti anaweza kuleta cheti cha kuzaliwa cha Uingereza pamoja na leseni ya udereva.

Wageni wengine karibu wote hutumia namba maalumu iitwayo share code. Anaitoa yeye kwenye akaunti yake ya viza. Ina herufi na tarakimu tisa, na ya kupanga nyumba huanza na R. Wewe unaingia kwenye tovuti ya serikali kwa upande wa wenye nyumba, unaandika namba hiyo na tarehe yake ya kuzaliwa, na picha yake inatokea. Itazame picha, mtazame yeye. Hifadhi ukurasa huo. Usikubali akuonyeshe ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, hiyo haikulindi. Kadi ya plastiki ya ukaazi pia haikubaliki tena, tangu Aprili 2022.

Kama ruhusa yake ina kikomo, fanya ukaguzi ndani ya siku 28 kabla ya kuanza, na urudie kabla ya miezi 12 kupita au kabla ya ruhusa kuisha, kati ya hizo tarehe iliyo mbali zaidi. Tunza nakala muda wote anaokaa na mwaka mmoja baada ya kuondoka. Na mkague kila mtu. Ukiwakagua wenye lafudhi tu na kuwaacha wengine, huo ni ubaguzi.

Ndugu anayekaa kwako bure ni mgeni, hahitaji ukaguzi. Siku anaanza kulipa kodi ya chumba, anageuka mpangaji, na taratibu zote hizi zinamhusu. Hapa watu huona haya kumwomba shemeji pasipoti. Mwombe.

Hatua ya 7: mkataba na amana

Uandike kwa Kiingereza, kurasa mbili zinatosha, na kama Kiingereza chake ni kidogo msomee kwa Kiswahili kabla hajasaini. Uwe na majina yenu, chumba gani, tarehe ya kuanza, kiasi na siku ya malipo, bili zilizomo, huduma unazotoa na siku zake, sehemu mnazotumia pamoja, haki yako ya kuingia chumbani, wageni wa kulala, na notisi ya kila upande. Wiki nne zinafaa kwa anayelipa kwa mwezi. Andika waziwazi kwamba ni ruhusa ya kukaa na kwamba wewe unaishi humo. Ukiweka muda maalumu, mfano miezi sita, ongeza kipengele cha kuuvunja kwa notisi. Bila hicho mtafungana hadi mwisho.

Amana haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano. Hesabu yake: kodi ya mwezi mara 12, gawa kwa 52, zidisha kwa 5. Kwa pauni 600 inatoka 692 na senti. Pesa ya kushikia chumba isizidi ya wiki moja, hapa pauni 138. Kwa mpangaji wa ndani hulazimiki kuipeleka amana kwenye mfuko wa kutunza amana ulioidhinishwa na serikali, lakini iweke akaunti tofauti na usiiguse. Piga picha chumba kizima, godoro pande zote mbili, kuta, zulia, na mtumie siku hiyohiyo.

Kuishi pamoja

Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye friji na kwenye kipimajoto cha ukutani. Mpe rafu yake ya friji, droo yake ya friza, kabati moja la jikoni, na mkubaliane nyuzi joto za majira ya baridi, tuseme 19, na saa za kuwasha. Kama mna sufuria zisizochanganywa, zitenge siku ya kwanza na kuzionyesha. Nyumba nyingi za mpango huu ni mpya na zimezibwa vizuri, hivyo mvuke wa ugali na nguo zinazokaushwa chumbani hugeuka ukungu mweusi kwenye pembe za dirisha ndani ya wiki chache. Mwonyeshe feni ya jikoni na jinsi ya kufungua kidirisha cha hewa juu ya dirisha.

Kodi ipokee kwa benki, si mkononi. Akichelewa siku tatu mwandikie ujumbe wa heshima, wiki mbili zikipita kaa naye mezani na muandike mpango wa kulipa. Anayelimbikiza miezi miwili mara chache hurudi sawa.

Hatua ya mwisho: kuachana

Toa notisi kwa maandishi, na tarehe, kwa muda uliomo kwenye mkataba. Kama haupo, tumia muda wa malipo: anayelipa kwa wiki apewe wiki, kwa mwezi apewe mwezi. Sheria mpya ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 haiwahusu wapangaji wa ndani, kwa hiyo utaratibu huu umebaki. Tarehe ikipita na hajatoka, unaweza kubadilisha kufuli ya chumba chake hata vitu vyake vikiwa ndani, lakini vitu hivyo ni vyake na lazima umrudishie. Usimsukume, usivunje mlango akiwa ndani, usimtishe. Hilo ni kosa la jinai. Ikifika hapo, piga simu polisi wasimamie amani.

Kama unauza fungu lako, toa notisi mapema ili chumba kiwe kitupu kabla hujabadilishana mikataba na mnunuzi, maana atataka nyumba isiyo na mtu.

Siku ya kuondoka pitieni picha zile pamoja, chukua funguo zote, rudisha amana kwa benki na umpe maelezo ya kila senti uliyokata. Kisha iandikie kaunsili tarehe aliyotoka, punguzo lako la asilimia 25 lirudi kuanzia siku hiyo, na uwaarifu bima.